Kamba Iliyopita Dirishani

Nashoni alifagia jimu moja ya Mwanza miaka saba, na wenye jimu walipoleta mashine mpya ya mazoezi, ile ya zamani wakampa yeye. Akaipakia kwenye lori mpaka kijijini kwao, Kenyamonta. Kabla hata ya kunywa maji, alishaanza kumsimulia mkewe, Modesta.

"Hii moja inafanya kazi ya mashine sita! Kuvuta, kusukuma, kifua, mgongo, miguu, vyote humuhumu. Haili umeme, haitaki ukumbi. Tata atatembea, utaona."

Tata ni mzee Simioni, baba yake. Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga, upande wa kushoto ukafa ganzi, mkono na mguu. Hospitali walisema afanye mazoezi kila siku, lakini hospitali yenyewe kufika ni safari. Mtu aliyezoea kusimama mlangoni mwa zizi akiwaita ng'ombe wake kwa majina, sasa alikuwa anaulizia habari zao kama mgeni. Alitaka kitu kimoja tu: afike zizini kwa miguu yake mwenyewe.

Basi Nashoni, kwa kuwa nyumba yenye sakafu ya sementi pale kwao ilikuwa yake peke yake, akaifunga mashine sebuleni kwake kwa boliti nne. Akili za Mwanza hizo! Mzee akaja taratibu na mkongojo, mkewe Efrazia akimshika kiuno. Hatua mbili kabla ya mlango, akasimama.

"Nashoni, hapa ni kwa nani?"

"Kwangu, tata."

"Ni kwa mkeo," mzee akasema, akageuka.

Nashoni akajishika kichwa. Wao ni Wangoreme, na Mngoreme gani asiyejua kwamba baba haingii nyumba ya mke wa mwanawe? Haingii, hamshiki mkono, hamtazami usoni, na mkwe naye vivyo hivyo. Aliyajua hayo tangu anachunga ndama, ila furaha ya mashine ilimpofusha. Kuing'oa akaogopa kuiharibu. Akaahidi kurudi Desemba na fundi, amwage sementi nyumbani kwa mzee na kuihamishia huko, akarudi zake kazini Mwanza.

Modesta akabaki na lidude lake. Mwanzoni alilichukia, lilikula nafasi ya makochi. Nashoni akawa anamhimiza kwa simu alitumie lisishike kutu, naye akaanza kwa aibu, mlango umefungwa. Mwezi wa pili mgongo uliomsumbua tangu uzazi wa mwisho ukaacha kuuma, na ndoo ya maji akawa anajitwika bila kuguna. Raha hiyo ikamtia uchungu. Dawa ya mzee inamponya yeye, na mwenye dawa ameketi nje kwenye kigoda, chini ya dirisha, anasikiliza vyuma vikigongana.

"Anahesabu na wewe," Efrazia alimwambia siku moja jikoni. "Jana ulifika kumi na nane."

Modesta alilia. Alipomaliza kulia akachukua kamba ya ng'ombe, akaifunga kwenye mpini wa kuvutia, akaipitisha dirishani, na mbao za dirisha akazipaka mafuta kamba isisagike. Yeye akakaa ndani, ameligeuzia dirisha mgongo. Mzee akakaa nje.

"Shikamoo, baba. Vuta."

"Marahaba, mwanangu. Umeweka mawe mangapi?" Vile vyuma vya uzito mzee aliviita mawe.

"Moja tu, baba."

"Ah! Unanidharau? Weka mawili!"

Ikawa hivyo kila asubuhi, yeye anapanga vyuma na kuhesabu, mzee anavuta kwa ule mkono mgonjwa na kutania. Siku mzee alipojifunga vifungo vya shati mwenyewe, Efrazia alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaoa. Lakini mguu ulitaka kiti cha mashine, mtu akae asukume, na kiti kiko ndani. Mguu haukusogea. "Desemba," mzee alikuwa akisema. "Mkono umetangulia, mguu unakuja." Desemba Nashoni akanyimwa likizo. Akasema Pasaka.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Efrazia akiwa kisimani, mzee alivuta mpaka tisa. Kumi haikuja. Vyuma vilianguka kwa kishindo na kigoda kikapinduka. Modesta akatoka mbio, akazunguka nyumba. Mzee alikuwa chini, mdomo umekwenda upande, macho yamemkazia yeye, usoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Akamnyooshea mkono. Ule wa kushoto, walioufufua pamoja, umenyooka wala hautetemeki.

Na Modesta akafanya nini? Alijifunika uso kwa kitenge, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga yowe la kuita watu. Hakufikiri, jamani. Mwili ulifanya wenyewe kile ulichofundishwa. Alipochungulia kwenye kitenge, mkono ulikuwa bado juu, unamngoja. Efrazia na majirani walipofika, wakamkuta Modesta bado amejifunika, mkono umeshuka, na mzee hakuamka tena.

Msibani wazee walimsifu. Mmoja alisimama mbele ya watu akasema, "Nashoni, wewe umeoa. Mkwe wetu amemheshimu mzee mpaka dakika ya mwisho." Watu wakaitikia kwa sauti moja. Modesta alikuwa jikoni anasonga ugali wa wageni, akasikia kila neno. Laiti wangemtukana, angepumua.

Jioni Nashoni akamfuata pale pale mekoni, macho mekundu, akamshika bega.

"Asante, mke wangu. Umeitunza heshima ya tata."

"Alinipa mkono, Nashoni," Modesta akasema. "Sikuupokea."