Fedha ya Nadhiri Ilivyomvunja Mwanangu Vidole

Nimekosa, na sitajitetea. Mikono hii niliyokuwa nikiwawekea wagonjwa na kuwaombea ndiyo iliyomvunja mwanangu vidole.

Mimi ni Mkongo wa Uvira, ninakaa Hallunda, Uswidi, na mke wangu. Nilikuwa mzee wa kanisa. Miaka mingi nilisafisha vyoo vya uwanja wa ndege, na hata leo namshukuru Mungu kwa kazi ile, maana ilitulisha. Nilipostaafu, pensheni ya serikali haikutosha kodi ya nyumba. Tukapewa bostadstillägg, yaani msaada wa kodi kwa wazee wenye kipato kidogo.

Lakini kulikuwa pia na akiba ya uzeeni niliyowekewa kazini. Niliomba nilipwe yote kwa miaka mitano badala ya kidogo kidogo hadi kufa kwangu. Nilikuwa nimeweka nadhiri kwamba fedha hiyo itaezeka kanisa la kwetu. Kila mwezi ilipoingia, niliituma yote Uvira.

Fomu zetu hujazwa na mwanangu Yona. Aliniuliza, "Papa, na ile ya kazini? Tuiandike."

"Ile si yangu. Ni ya Bwana."

"Papa, Bwana hana akaunti Hallunda. Inaingia kwenye yako."

Mama yake akacheka. Mimi sikucheka. "Andika hakuna!"

Ee jamani, ujinga wangu! Nilidhani nilichomtolea Mungu hakihesabiwi na wanadamu.

Baada ya miezi kadhaa barua ikaja kutoka ofisi ya pensheni: msaada umepunguzwa, na tulichopewa zaidi tukirudishe. Ilikuwa Jumamosi, tunakula sombe, majani ya muhogo. Niliisoma nusu, macho yakaingia giza.

"Nani amewaambia?"

Yona akaweka kijiko chini. "Ni mimi, Papa. Wanaihesabu kuwa kipato hata ukiitoa yote sadaka. Wangeigundua tu."

"Yuda! Umemuuza baba yako!"

Nikashika fimbo yangu ya kutembelea. Pigo la kwanza lilimpasua sikio. La pili alilikinga kwa mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi za gitaa kanisani, nikasikia vidole vikikatika kama kuni kavu. Na sikuacha! Nilimpiga akiwa ameshaanguka, damu ikarukia sahani. Ana miaka arobaini, ananizidi nguvu, lakini hakuinua mkono. Alisema tu, "Papa, inatosha. Papa, inatosha." Mke wangu alijitupa kati yetu, nikampiga naye begani.

Niliacha kwa sababu fimbo ilivunjika, si kwa sababu ya huruma. Mungu anisamehe!

Mke wangu alijifunza Kiswidi kwa kupika katika shule ya watoto. Akaiokota barua ile, ina damu, akaisoma hadi ukurasa ambao mimi sikuufikia.

"Sikiliza, mzee wa kanisa," aliniambia. "Wanakushukuru kwa kuwajulisha mwenyewe. Mwenyewe! Mtoto aliandika kwa jina lako. Alisema ulikosea bila kujua, na sasa unataka kusema kweli. Kwa hiyo hawatakushtaki."

Yona alikuwa sakafuni, ameukumbatia mkono wake.

Jirani alikuwa amekwisha kuwaita polisi. Niliwafungulia mlango, nikakiri yote. Nilihukumiwa, na kanisa likanivua uzee wa kanisa. Ni haki. Deni tunalilipa polepole, na kwa hilo silalamiki. Yona anakaa Sundbyberg, upande wa pili wa jiji, na mlango wake haufunguki kwangu. Vidole viwili havikunjiki tena.

Wazee wenzangu, nawasihi! Akiba ya uzeeni ikiingia mkononi ni kipato, hata ukiipeleka madhabahuni siku hiyo hiyo. Iandikeni! Ulizeni kabla ya kuchagua kulipwa kwa miaka michache. Na mtoto akiwaambia ukweli mezani, someni barua mpaka mwisho kabla hamjashika kitu chochote mkononi.

Jumapili iliyopita Yona alikuja kanisani, akakaa nyuma kabisa. Tulipoimba, watu wote walipiga makofi. Yeye mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni.