Madirisha Yaliyozimwa Endamarariek

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nimevaa viatu vipya vilivyonibana, nikitegemea kupewa kalamu. Msanifu Mkuu wa ofisi yetu ya ramani hapa Karatu alinionyesha meza ya kuchorea, akanipa karatasi angavu yenye makosa ya mtu mwingine, akasema, "Kwangua hii. Ukishajua kufuta ndipo utajua kuchora." Wino wa siku zile haukufutika kwa raba. Uliukwangua taratibu, na hata ukiwa hodari vipi, karatasi ilibaki na kovu. Kwa hiyo kila aliyeshika ramani aliona mahali ulipobadili mawazo.

Nilichukia wembe ule kwa miezi mingi. Baadaye nikaja kuukumbuka kwa heshima.

Nikapelekwa Ngorongoro, kwenye ujenzi wa nyumba za watumishi, chini ya Mhandisi Mkazi aliyependa chai kuliko maneno. Ukungu wa kule ulilowesha karatasi zikajikunja, tukazianika juu ya jiko la mkaa kama wanaokausha nguo za mtoto. Huko ndiko nilikojifunza kwa dhati jambo ambalo ninyi vijana mnalipata kwa kubofya: ramani ya sakafu ni nyumba iliyokatwa. Unajifanya umeikata kwa msumeno kwa ulalo, usawa wa kiuno au juu kidogo, ukaondoa sehemu ya juu, ukachungulia ndani. Kilicho chini ya mkato kinaonekana. Kilicho juu yake hakionekani, ila mchoraji akikionyesha kwa nukta nukta, ili fundi ajue kuna kitu kichwani pake.

Niliporudi Karatu kompyuta zilikuwa zimefika, na miaka michache baadaye ikaja modeli. Hapo huchori tena kila karatasi peke yake. Unalijenga jengo zima mara moja ndani ya kompyuta, na yenyewe inakutolea ramani ya sakafu, mkato wa wima na sura za nje. Kazi yako ni kuamua nini kionekane wapi. Unaweza kuzima paa kwenye karatasi moja likabaki kwenye nyingine. Nilifurahi mno. Nilijiona nimemaliza ujinga wote duniani.

Ndipo ikaja zahanati ya Endamarariek. Chumba cha kujifungulia kilipangiwa madirisha matatu ya juu, karibu na linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango, ili mwanga uingie na mpita njia asichungulie. Yalikuwa juu ya mkato, kwa hiyo yalipaswa kuonekana kwa nukta nukta. Lakini karatasi ilikuwa imejaa: nukta za paa, nukta za boriti, nukta za mifereji. Niliona uchafu, nikazima vitu vyote vya juu kwa pamoja. Karatasi ikatakata. Madirisha yakaenda nayo, na sikuangalia tena.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Tluway wa Kansay, mtu mzima aliyejenga nusu ya majengo tunayoyaona kandokando ya barabara zetu. Kama mafundi wote wa huku, alitembea na ramani ya sakafu tu, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye koti. Karatasi za sura za nje aliziita picha za wakubwa, akaziacha ofisini.

Tulipokwenda kukagua, mimi na mhandisi wa mradi, ukuta ulikuwa umefika kwenye linta, mzima, haupitishi hata mwale wa mwanga.

"Mzee, madirisha yako wapi?" Mhandisi aliuliza.

"Madirisha yapi, mhandisi? Mimi nimejenga kilichochorwa."

Mhandisi akafunua sura ya nje. Madirisha matatu yalikuwepo, yamepangana vizuri. "Haya ni nini? Wiki ijayo nitatafuta fundi anayejua kusoma."

Mzee Tluway alivua kofia, akaipangusa vumbi, akairudisha kichwani. Na mimi, niliyejua, nilikaa kimya. Msanifu Mkuu alikuwa ameniahidi usimamizi wa chumba cha uchoraji, cheo ambacho hakuna aliyewahi kupewa bila shahada. Nilikitaka cheo kile. Tulirudi Karatu nikitazama mahindi ya watu njia nzima.

Ofisini niliwasha kompyuta, nikaviwasha vitu vya juu. Madirisha yakarudi, nukta nukta, kama vile hayakuwahi kuondoka. Hapo nikaogopa kweli. Hapakuwa na kovu. Ningeweza kuacha hivyo, na mzee yule angeondoka na jina la mtu asiyejua kusoma.

Nilichapisha karatasi mbili, nikaziweka mezani kwa Msanifu Mkuu. "Hii ndiyo aliyopewa. Hii ndiyo aliyostahili kupewa."

"Nani alizima?"

"Mimi."

"Usimamizi basi, kwa sasa," alisema. "Mhandisi nitamweleza mwenyewe. Wewe kamwambie mzee."

Nilikwenda asubuhi yake, nikamweleza Mzee Tluway mbele ya vibarua wake, maana aliaibishwa mbele yao. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema, "na hiki ni chumba cha kuzalia." Vibarua wakacheka, nami nikacheka huku nalia. "Sasa shika ndoo. Ukuta haubomoki kwa pole."

Nilibeba vifusi siku mbili. Tangu hapo hakuna karatasi iliyotoka mkononi mwangu bila orodha pembeni: katika ramani hii vimezimwa hivi na hivi, tazama karatasi fulani. Vijana wa ofisini waliniita Mama Nukta. Usimamizi nilikuja kuupata, nimechelewa, na orodha ile nikaifanya sheria ya chumba kizima.

Sasa nimestaafu. Nina migomba, mbuzi wawili, na meza ya zamani ya kuchorea ninayokatia mboga. Sina kinyongo na kompyuta. Ningekuwa kijana ningeirudia kazi hii hii, wembe na vyote.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mke wa mwanangu kwenda kujifungua kwenye zahanati ile ya Endamarariek. Umeme ulikatika asubuhi, yeye akiwa ndani. Nilisimama kwenye korido nikisubiri muuguzi atoke mbio kutafuta tochi. Hakutoka. Baada ya muda nikaitwa, nikakuta mtoto wa kike amefungwa kitenge, na muuguzi anaandika kadi yake bila kukaza macho.

"Umeme bado?" nilimuuliza.

"Bado, mama. Huku ndani huwa hatuusubiri."

Nilitazama juu ya ukuta, nikahesabu. Moja, mawili, matatu.