Maji Niliyosema Hayajapata Moto

Alhamdulillahi, nimekuja hapa mkutanoni kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo si jambo dogo. Mnanijua: Bi Mwanaidi wa Kigombe, yule mwenye mdomo. Bamvua ikifika, bahari ikatoka mbali, mimi na mchokoo wangu tunatangulia mwambani kuwachokoa pweza mashimoni. Sitini nimeshaipita, lakini ukiniita kikongwe tutagombana.

Basi miguu ikaanza kufa ganzi. Nakanyaga, sisikii vizuri. Kiu haikatiki, chooni kila saa. Nikasema ni uzee, na baridi ya mwambani. Kwetu dawa ya baridi ni kukandwa: maji ya moto, chumvi, majani ya mwarobaini. Binti yangu Zaina akachemsha, akamimina kwenye beseni.

"Mama, maji makali haya, tupunguze."

"Makali wapi? Hayajapata moto bado. Ongeza!"

Akaongeza. Nami nimeketi napiga soga, miguu imo ndani. Alipokuja kunifuta, ngozi ya mguu wa kushoto ikabaki kwenye kanga. Zaina akapiga yowe. Mimi, wallahi, sikuhisi kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Na badala ya kukimbilia hospitali, nikaona haya! Watu waseme Bi Mwanaidi kajiunguza kama mtoto? Nikapaka asali, nikafunga kitambaa, nikamkataza Zaina asitoe neno. Siku ya sita vidole viwili vyeusi, usaha unatoka, na ile harufu, hata mimi mwenyewe nageuza uso. Homa ikanipanda, nikaanza kuweweseka.

"Utanisamehe, Mama," Zaina akasema. "Siri mwisho leo."

Akaita majirani, wakanibeba hadi hospitali ya Tanga. Daktari akanipima damu.

"Shikamoo, Bibi. Una kisukari, na yaelekea unacho siku nyingi. Ndicho kilichoua hisia miguuni. Vidole hivi viwili vimeshakufa, tunavitoa. Uozo ukipanda, itabidi tukate chini ya goti."

"Mguu wangu?"

"Tutajaribu kuuokoa. Tusubiri siku tatu."

Siku tatu hizo, jamani! Kidonda kikifunguliwa sitazami mguu, natazama uso wa nesi. Akikunja kipaji, nasema mguu ndiyo umekwenda. Nilijiona nimekaa barazani na magongo, bamvua inakuja, inaondoka, wenzangu wanapita na pweza wao. Zaina kando ya kitanda analia, "Nimekuunguza mwenyewe, Mama." Nami, kwa hofu na kiburi changu, sikumjibu.

Siku ya tatu daktari akabonyeza, akanusa, akabonyeza tena.

"Damu inafika," akasema. "Mguu unabaki."

Nililia kwa sauti, sikujali wodi nzima.

Kidonda kilichukua miezi kupona. Sasa natumia dawa, na wali wa nazi naula kwa kijiko cha kuhesabiwa, maskini mimi. Lakini natembea.

Wazee wenzangu, ganzi msiiite uzee. Nendeni mkapime sukari. Kila siku geuzeni nyayo mzitazame. Na beseni likiletwa, mwenye ganzi asiwe msemaji. Anayekukanda atie mkono yeye, na akisema maji makali, basi makali.

Nawashukuru madaktari na manesi, Mungu awalipe. Limebaki moja. Zaina, usijifiche nyuma huko, simama. Watu wote wasikie: mwanangu hakuniunguza. Aliniambia maji makali, na mimi ndiye niliyesema ongeza.