Wimbo wa Tano, Upande wa Pili

Juzi niliingia duka la dawa Msambweni kununua vidonge vya kichwa, na redio iliyokuwa juu ya rafu ikaanza wimbo ambao sikuwahi kuusikia ukipigwa na mtu yeyote nje ya nyumbani kwetu. Gita laini, kinanda, na mzungu anayeimba kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Kichwa nilikisahau. Muuzaji aliniuliza, "Dada, wataka vya mkubwa au vya mtoto?" nami nikamwinulia mkono asubiri, maana ile sehemu yenyewe ilikuwa inakaribia. Ilipofika nilisisimka mwili mzima, nikacheka kwa sauti. Alinitazama kama mtu anayehitaji dawa nyingine kabisa. Ninyi nitawaeleza.

Baba alikuwa akipiga gita la besi katika bendi ya hoteli moja huko Diani, nasi tulikaa Kinondo. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia kaseti ya nyimbo laini za kizungu. Wimbo wa kwanza kila mtu aliujua, na bendi iliupiga mpaka wahudumu wakauchukia. Wimbo wa tano, upande wa pili, haukuwa na mwenyewe. Mama aliuita wimbo wa kuoshea vyombo, kwa sababu ukianza tu yeye huinuka kwenda kuosha vyombo. Hata mimi sikuwahi kuusikiliza mpaka mwisho.

Nilipokuwa na miaka tisa, mzee mmoja na mkewe, wageni waliorudi hotelini kila mwaka, waliomba wimbo huo upigwe Jumamosi. Bendi ilikuja kufanya mazoezi uani kwetu, na Oti, mwimbaji wao kutoka bara, akaanza kulalamika.

"Buda, hiyo ngoma italaza watu kwa sahani."

"Waache walale," Baba akamjibu. "Wakiamka watauliza ni wimbo gani."

Kiongozi wao, Bwana Mbwana, hakucheka. "Salimu, wewe ndiye unayeung'ang'ania. Ukituaibisha mbele ya wageni, nina mpwa wangu, naye anapiga besi."

Nilikuwa nyuma ya pazia nikayasikia yote. Tangu hapo sikula vizuri.

Kazi yangu ilikuwa kuurudisha mkanda nyuma kwa kalamu ya wino, ili betri za redio zisiishe. Alhamisi, nikiwa jamvini uani na kaseti mkononi, niliitwa ndani kumwamkia shangazi. Nilipiga shikamoo, nikapewa kaimati, nikaisahau kaseti niliyoiacha jamvini. Niliporudi jua lilikuwa limeipika kaseti, ina moto kama kikaango. Niliitia redioni. Mwanzo mzima. Ubeti wa pili mzima. Halafu, karibu na mwisho, sauti ya yule mwimbaji ikapaa ghafla, kama mtu aliyevutwa juu kwa kamba, na vyombo vyote vya muziki vikapaa naye. Nikazima. Nilikuwa nimeuharibu mkanda, na kaseti nyingine hatukuwa nayo.

Kwa siku mbili nilipiga hesabu zangu. Nikisema, Baba hana pa kujifunzia. Nikinyamaza, atajifunza wimbo ulioharibika, bendi nzima itaruka juu mbele ya wageni bila sababu, na mpwa wa Bwana Mbwana atapewa besi. Jumamosi alasiri, Baba akipiga pasi shati lake jeupe, nilishindwa kuvumilia.

"Baba, nimeuunguza wimbo."

Aliisimamisha pasi ya makaa. Nilimweleza mpaka kaimati za shangazi. Akawasha redio, tukafika pale pabaya, akafumba macho. Kisha akarudisha mkanda.

"Sasa usimsikilize mwimbaji. Sikiliza ngoma, uhesabu."

Tulihesabu pamoja, kidole chake kikigonga meza.

"Zimekwenda mbio?"

"La."

"Zimepunguza mwendo?"

"La, Baba."

"Mkanda ukiharibika huharibika wote, mwanangu. Sauti haiwezi kupanda na ngoma zikabaki na mwendo ule ule. Hawa wamepanda kwa miguu yao, ndivyo wimbo ulivyotungwa!"

Siwezi kueleza furaha ile. Tuliurudia labda mara kumi. Alinionyesha mahali ambapo mwimbaji anashikilia sauti moja tu, haipandi wala haishuki, huku vyombo vinabadilika chini yake, na sauti ile ile inageuka kutoka huzuni kuwa karibu kicheko. Nilipiga kelele, "Tena! Tena!" Mama akasimama mlangoni. "Salimu, utakwenda na shati lenye makunyanzi?" Akaenda nalo hivyo hivyo.

Asubuhi yake, tukinywa chai, alituambia hakuna aliyelala. Mzee na mkewe walicheza polepole katikati ya ukumbi, na walipokaribia pale pa kupandia, mzee aliinua kidole akamwelekezea Baba.

"Oti hata mdomo hajafungua," alisema Baba, "na mzee kidole juu!"

Alilirudia hilo mara tatu. Mama alifurahi kwamba besi imebaki kwetu. Mimi nilifurahi kwamba sikuunguza kitu. Sikujiuliza kwa nini mzee amwelekezee Baba badala ya mwimbaji, mimi ninayejiuliza kila jambo.

Nilikuja kujua nikiwa chuo kikuu, nilipoupata wimbo ule kwenye simu nikausikiliza kwa visikizi masikioni, vinavyotoa besi ambayo redio yetu ilikuwa ikiimeza. Kabla ya kupanda, gita linanyamaza. Kinanda kinangoja. Mwimbaji anavuta pumzi. Besi peke yake inaondoka, noti nne, moja juu ya nyingine, na ikishafika juu ndipo wote wanaifuata, kila msikilizaji akidhani ni mwimbaji aliyepanda. Miaka yote Baba alisimama nyuma, karibu na ngoma, mahali ambapo kamera za wageni hazikumfikia. Katika wimbo ule, kwa noti nne, bendi nzima ilikuwa ikimfuata yeye.

Nilimpigia simu nikiwa bado na visikizi shingoni.

"Baba, nimezisikia zile nne."

"Zipi?" akauliza, naye anajua vizuri ni zipi.