Komoni ya Kaka Ukweni

Kaka yangu alirudi Njombe na pipa la chuma linalong'aa, mtungi wa gesi, mipira ya kuunganishia na kipimajoto, na tangu siku hiyo hakuna aliyejua kupika pombe nyumbani kwetu isipokuwa yeye. Mama alikuwa amepika komoni pale mtaa wa Ramadhani miaka nenda rudi, ya mahindi na kimea cha ulezi, na hapakuwa na harusi mtaani iliyompita. Kaka alikuwa amejifunza kwenye simu. Wiki tatu.

Alikuwa anaoa Makambako. Kwa desturi yetu, pombe ya kupeleka ukweni hupikwa na mama wa kijana, na mpikaji hunywa kikombe cha kwanza mbele ya wote, waone kwamba hakuna baya ndani. Pombe ikikataliwa, mazungumzo ya ndoa huishia hapo hapo. Kaka akasema ndoo za mama zingemwaibisha. Angepika mwenyewe komoni ya kisasa, yenye gesi, inayotoka kwenye bomba.

Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni Njombe haina utani. Mama huiweka pombe yake jikoni, karibu na moto, akaifunika mablanketi kabla hajajifunika mwenyewe. Kaka aliuita huo uchafu. Yake akaiweka stoo, juu ya sakafu ya sementi, na kila asubuhi alikwenda kuikagua amevaa glavu kama daktari. Siku ya tatu mapovu yakakoma. Simu ikamwambia pombe imeiva.

Mama alikishika chombo kwa kiganja. "Haijaiva hiyo, mwanangu. Imelala kwa baridi."

Kaka akamjibu kwamba hiyo ni sayansi, si mambo ya kupapasa. Mtu ana kipimajoto mkononi, meno yanamgongana, na bado hajui kwamba kuna baridi. Nimewadharau watu wengi maishani, lakini huyu alinichosha. Akaijaza kwenye pipa, akakaza kila kitu kwa spana.

Makambako tulifika siku moja kabla. Wakwe, kwa heshima, waliliweka pipa jikoni, mahali ambapo moto wa sherehe ulikuwa haujazimwa tangu alfajiri. Pombe ikaamka. Kesho yake kaka alipofungua bomba mbele ya wazee, povu liliruka mpaka kwenye vitenge vya akina mama, na kilichobaki kilikuwa uji mtamu unaonuka hamira.

Shangazi wa binti akachota kikombe, akakishika juu. "Aliyepika aje anywe," akasema.

Kaka, bingwa wa wiki tatu, akatazama viatu vyake. Nilimsubiri. Nilitamani anywe mpaka imtoke puani. Aliyesimama ni mama. Alikipokea kikombe, akakinywa chote, akajifuta mdomo.

"Nimepika mimi," akasema. "Baridi ya kwetu imenishinda. Mnisamehe, wazazi wenzangu."

Wakacheka, wakasamehe, mke akatolewa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu guu lililovunjika lilikuwa la mkuu. Kaka hakusema neno, wala siku hiyo wala baadaye. Nami mwenye ulimi mrefu hivi nilinyamaza, kwa kuwa nilitaka harusi iwepo, na sijioni bora kuliko yeye.

Mwaka uliofuata mtoto wao alibatizwa Njombe. Wiki moja kabla ya sherehe mama alikuwa ameanza kuotesha ulezi wa kimea, wakwe waliposhuka garini na madumu yao ya komoni. "Tumekuja nayo, mama, usihangaike tena na baridi ya huku," shangazi alimwambia, kwa upole wa kweli. Mama akayapokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuwamwagia kuku ulezi wake.

Kaka alikuwa wa kwanza kukinga kikombe.