Bahasha ya Dawa ya Sikio

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya daktari huko Othaya, mafua yamenishika, na mlango wa chumba chake haufungi vizuri. Ndani alikuwa bibi mmoja wa Mukurweini na mjukuu wake wa miaka sita, msichana ambaye mwalimu humwita mara tatu ndipo ageuke.

"Maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio," daktari akaeleza. "Mara nyingi hukauka yenyewe. Aketi mbele darasani, tumpime tena baada ya miezi mitatu."

"Ati tungoje?" Bibi akainuka, mkoba kifuani. "Nimeachia jirani ng'ombe nikuje kungoja? Hata daktari wa ng'ombe haezi toka kwangu bila kudunga kitu!"

Daktari akatoa baluni yenye mdomo wa plastiki. "Shosho, apulize hii na pua, mara tatu kwa siku. Inasaidia hiyo maji kutoka."

Msichana akaziba tundu moja la pua, akapuliza kwa lingine hadi baluni ikajaa, akacheka. Bibi hakucheka.

"Na nyumbani wakiniuliza dawa iko wapi, niwaonyeshe baluni?"

Daktari akachukua bahasha ndogo ya tembe, akatia baluni ndani, akaandika juu: 1 x 3. Uso wa bibi ukalainika.

"Sasa hiyo ni dawa. Ni kabla ya chakula ama baada?"

"Baada," daktari akajibu bila kutabasamu.

Nilimcheka bibi huyo moyoni hadi zamu yangu ilipofika. Niliambiwa ninywe maji mengi na nipumzike. Nilifika mlangoni, nikarudi kuomba bahasha.