Sauti ya Mama Kwenye Kanda

Juzi, dukani Kesses, nilimwona mwanafunzi asiyeona akisomewa kitabu na simu yake. Sauti ilikuwa kavu, ya haraka, isiyovuta pumzi. Nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Langas.

Baba yangu naye alikuwa haoni. Alifundisha historia, na Mama ndiye aliyemsomea vitabu vyake kwenye kanda za kaseti, mvua ikisikika juu ya mabati na maziwa yakichemka karibu. Mama tulikuwa tumeshamzika, lakini kila Jumapili tukitoka kanisani, Baba aliweka kanda ile ile: sura ya ujenzi wa reli. Mimi nilikaa sakafuni na hindi langu la kuchoma, chumba kizima kikinuka moshi.

Siku hiyo sauti ya Mama ilianza kuzama. Maneno yakavutika, yakawa mazito kama ya mtu anayesinzia. Leo najua zilikuwa betri, zile tulizozoea kuanika juani ili zipate nguvu kidogo. Wakati huo nilimhurumia.

"Baba, Mama amechoka. Wacha apumzike."

Kidole chake kilibaki juu ya kitufe kwa muda.

"Haya," akasema. "Apumzike."

Akazima. Nilidhani nimemharibia kazi, maana Jumatatu alikuwa na somo la reli. Aliporudi kutoka shuleni nikamuuliza amefundisha vipi, na Mama hakumaliza kusoma.

"Hiyo sura iko kichwani," alisema, "tangu kabla hujazaliwa."